Herufi Iliyo Bado Mkononi

Jina la Kamau lilitoka Kama.

Nilikuwa nimetunga programu ndogo ya kuchapia majina, kwa ajili ya kijitabu cha ibada ya mazishi katika familia ya mwenzangu wa kazini. Wazee wa familia walitaka majina yaandikwe Kigĩkũyũ barabara, ũ na ĩ zikiwa na alama zake juu, si u na i tupu kama zilivyo kwenye kitambulisho. Nikaweka utaratibu rahisi: bonyeza u kisha ~ upate ũ, bonyeza i kisha ~ upate ĩ. Nilipojaribu, Wanjikũ ilitoka Wanjkũ. Ile ũ ya mwisho, herufi ngumu niliyoihangaikia siku nzima, ilikaa mahali pake na alama yake kichwani. Iliyopotea ni i ya kawaida. Na Kamau, jina lisilo na alama yoyote, likapoteza u yake mara tu nilipobonyeza Enter.

Jibu nililikuta katika sentensi moja ya maelezo ya maktaba niliyokuwa naitumia. Maelezo yalikuwa ya fanksheni iitwayo minput_lookup. Yalisema kwamba kitufe kikishughulikiwa sawasawa, fanksheni hurudisha 0. Vinginevyo hurudisha -1, hata kama kuna maandishi yaliyotolewa. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mpaka kwenye -1 nikaondoka. Maneno machache yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa yameibeba u ya Kamau.

Kwa hiyo nilirudi mwanzo wa maelezo yale nikayasoma yote, polepole, jinsi mtu anavyosimama kwenye karakana ya seremala bila kuwa na cha kununua.

Maktaba yenyewe inaitwa m17n. Jina ni mkato wa neno la Kiingereza multilingualization, yaani kuiwezesha programu kutumia lugha nyingi kwa pamoja: m ya mwanzo, herufi 17 katikati, n ya mwisho. Ilitengenezwa Tsukuba, mji wa watafiti ulio kaskazini-mashariki ya Tokyo, katika AIST, taasisi ya taifa ya Japani ya sayansi na teknolojia za viwanda. Kenichi Handa, Mikiko Nishikimi, Naoto Takahashi na Satoru Tomura walikuwa wameishika kazi hii tangu zamani. Ndio walioitengeneza Mule, nyongeza iliyokiwezesha kihariri cha Emacs kuchanganya hati za mataifa mengi katika ukurasa mmoja, na ambayo iliingizwa ndani ya Emacs yenyewe katika toleo la 20, mwaka 1997. Kwa hiyo walipoanza m17n walikuwa wameshaona, miaka na miaka, namna herufi za watu zinavyoweza kupotea njiani kati ya kidole na kioo.

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini hatuna mazoea na tatizo hili. Kibodi iliyopangwa kwa ajili ya Kiingereza inatutosha. Kinachotusumbua labda ni ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo simu hupenda kuigeuza kuwa alama ya kunukuu. Lakini mtu anayetaka kuchapa utenzi wa Lamu kwa hati ya Kiarabu, na akataka p itofautiane na b, ataanza kuutafuta ufunguo ambao haupo. Mgĩkũyũ ataitafuta ũ. Mwethiopia ana alama zaidi ya 200, kila moja ikiwa silabi nzima, na mbele yake vitufe visivyofika 50 vya herufi. Lazima pawe na mtu wa kati: programu inayopokea vitufe vinavyobonyezwa, ikavishika, ikavipima, kisha ikatoa herufi iliyokusudiwa. Huyo wa kati ndiye anayeitwa njia ya uingizaji.

Katika m17n, sehemu kubwa ya kazi hiyo imo ndani ya faili moja, input.c. Faili limejaa msimbo wa lugha ya C, na humo ndani, juu ya kila fanksheni ambayo mtunga programu wa nje anaruhusiwa kuiita, yamewekwa maelezo. Hayakuwekwa katika kitabu cha pembeni. Yamo palepale, yamelala juu ya msimbo kama kizingiti cha juu ya mlango, kiasi kwamba huwezi kuugusa mlango bila kukiona. Programu iitwayo Doxygen hupita baadaye na kuyakusanya ili yasomeke kama kurasa za kawaida. Lakini mwenye kutaka kuona kazi ya mikono ayasome humohumo.

Mwandishi hakuanza na fanksheni yoyote. Alianza na jina. Njia ya uingizaji, anasema, ni kitu kinachowezesha kuingiza herufi za aina mbalimbali, na kinatambulika kwa alama mbili zikiwa pamoja: lugha na jina. Kiamhari na sera. Kivietinamu na telex. Kihindi na itrans. Halafu anagawa: kuna njia za ndani, ambazo mwili wake umo katika hifadhidata ya m17n yenyewe, na kuna njia za nje, ambazo mwili wake uko kwingine, kwa mfano katika mfumo wa madirisha wa kompyuta. Njia ya nje haina lugha. Mahali pa lugha pamewekwa Mnil, alama ya utupu ya maktaba hii. Baada ya hapo ndipo anapotoa mwendo wa kazi kwa hatua nne: fungua njia ya uingizaji, tengeneza muktadha wa uingizaji, chuja kitufe, chukua maandishi yaliyopatikana.

Hatua nne tu. Nilipozisoma mara ya kwanza niliona ni chache mno. Sasa naona ugumu wa kuzipata. Ndani ya faili kuna mambo chungu nzima yanayotendeka: ramani za vitufe, hali zinazobadilishana, orodha za mapendekezo kwa Kichina, vigezo ambavyo mtumiaji anaweza kuvirekebisha. Mwandishi aliyeyajua yote hayo, na aliyeyatunga kwa jasho, huwa na hamu ya kuyaonyesha. Huyu aliyaweka chini akauliza: anayekuja hapa kwa mara ya kwanza anataka kufanya nini kwanza, na nini baadaye?

Tofauti kati ya hatua ya kwanza na ya pili ilinichukua muda. Kwa nini ufungue njia ya uingizaji, halafu utengeneze tena muktadha? Maelezo hayatoi mfano, yanatumia majina mawili tu kwa uthabiti usiotetereka: im kwa njia, ic kwa muktadha. Hayajawahi kuyachanganya hata mara moja. Kwa kuyafuata majina hayo kutoka fanksheni hadi fanksheni ndipo nilipoelewa. Im ni kiolezo cha karatasi ambacho fundi cherehani amekitundika ukutani. Ic ni nguo ya mteja fulani iliyoko chini ya sindano. Kiolezo kimoja kinaweza kukata nguo kumi kwa wakati mmoja, na nguo hii ikiwa imefika kwenye kola, ile bado iko kwenye mkono. Vivyo hivyo madirisha mawili yanaweza kutumia Kiamhari kimoja, kila moja likiwa na silabi yake ambayo bado haijakamilika.

Kisha zinafuata fanksheni zenyewe, na hapa ndipo mtu mwenye haraka atachoka. Kila maelezo yanaanza kwa namna ileile. Mstari mmoja wa kichwa unasema kazi ya fanksheni kwa maneno manne au matano. Sentensi ya kwanza inaanza na jina la fanksheni na kitenzi cha wakati uliopo: inafungua, inafunga, inatengeneza, inaharibu, inachuja. Majina ya vitu inavyopokea yamepewa mwandiko wake ili jicho liyatambue. Mwishoni panakuja sehemu ya kinachorudishwa, mara nyingine na sehemu ya makosa yanayoweza kutokea, na sehemu inayoelekeza kwenye fanksheni za jirani. Hakuna sentensi iliyopambwa ili msomaji asichoke. Mwandishi amekubali kuchosha, maana anajua msomaji wake hatasoma kwa mfululizo. Atatua mahali pamoja saa nane usiku, akitafuta jambo moja, na atashukuru kulikuta pale alipolikuta jana kwenye fanksheni nyingine.

Chukua minput_open_im. Inapokea lugha, jina, na kitu cha tatu ambacho draiva, yaani msimbo unaoiendesha njia yenyewe, inaweza kukihitaji. Mwandishi angeweza kusema inafungua njia ya uingizaji, akaishia hapo, na asingekuwa mwongo. Badala yake anaeleza inavyoamua. Kama lugha si Mnil, inatumika draiva ya kawaida ya maktaba. Kama lugha ni Mnil, inatazamwa kama lile jina limefungiwa draiva yake; ikiwepo, hiyo ndiyo inayotumika. Kama haipo, fanksheni inarudisha utupu. Halafu, baada ya draiva kupatikana, inaitwa ifanye kazi yake ya kufungua. Ukiyasoma haya ukiwa na kalamu unaweza kuchora njia panda kila penye "kama", na hakuna barabara inayoishia porini. Kila "kama" ina mahali pake pa kufikia. Nimejaribu kuandika maelezo ya namna hii kwa programu zangu, na siku zote imebaki barabara moja isiyo na mwisho, kwa sababu hilo ndilo jambo nililodhani halitatokea.

Au chukua minput_create_ic, inayotengeneza muktadha. Ili uielewe ni lazima ujue kwamba programu inayotumia maktaba hii huiachia fanksheni zake chache, kama mtu anayeacha namba ya simu dukani: mzigo ukifika, nipigie. Maktaba haijui kuchora kwenye kioo. Hilo ni la programu mwenyeji. Ikiwa na silabi inayosubiri, inapiga simu ili ichorwe. Maelezo ya minput_create_ic yanasema kwamba muktadha ukishatengenezwa, zinapigwa simu tatu: ya kuanza maandishi yanayosubiri, ya kuanza hali, na ya kuchora hali. Kisha yanaongeza kwamba zinapigwa kwa mpangilio huohuo.

Nyongeza ile ndogo ya mpangilio ni ahadi. Mtu anayetunga programu yake huko Hanoi au Addis Ababa sasa anaweza kujenga juu yake: anajua kwamba simu ya kuchora haitamfikia kabla ya simu ya kuanza, kwa hiyo kisanduku kitakuwa kimeshaandaliwa kabla ya kuandikwa ndani. Na ahadi ina gharama kwa anayeitoa. Tangu siku hiyo mwenye msimbo hana ruhusa ya kuugeuza mpangilio kwa kuwa tu ameona njia nyingine iliyo rahisi zaidi. Maelezo ya kuharibu muktadha, minput_destroy_ic, yanatoa ahadi ya aina hiyohiyo kwa simu tatu za kumaliza. Aliyeahidi mlangoni kwa kuingia ameahidi na kwa kutoka.

Sasa fanksheni iliyonileta, minput_lookup, na ile inayoitangulia.

Minput_filter inapokea muktadha na kitufe. Kama imekimeza kitufe, inarudisha 1, na maelezo yanamwambia mwitaji akitupe: kitufe hicho si chako tena. Kama haikukimeza, inarudisha 0, na mwitaji ndiye atakayekishughulikia, kwa mfano kwa kuiita minput_lookup na kitufe kilekile. Minput_lookup nayo inachukua maandishi yaliyopatikana na kuyaunga mwishoni mwa maandishi uliyoipa. Haifuti yaliyokuwemo, inaunga. Na kitufe unachoipa, maelezo yanasisitiza, lazima kiwe kile ulichokitoa kwa filter muda huu uliopita.

Nikachukua karatasi, nikafungua njia ya Kiamhari iitwayo sera, nikaandika selam, kitufe kimoja kimoja, nikilinganisha kila hatua na maelezo.

S. Filter inarudisha 1. Kwenye kioo inatokea ስ, ikiwa na mstari chini yake: silabi imeonekana, lakini bado haijakabidhiwa. E. Filter inarudisha 1 tena, na ስ inageuka kuwa ሰ palepale. Bado imo mkononi. L. Hapa mambo yanabadilika. L haiwezi kuungana na ሰ, kwa hiyo ሰ imekamilika na iko tayari kutolewa, na l yenyewe inaanza silabi mpya, ል. Filter inarudisha 0. Naiita lookup na kitufe kilekile; inaniungia ሰ, na inarudisha 0, maana l imeshughulikiwa: imekuwa mwanzo wa silabi inayofuata. A, na ል inageuka ላ. M, na ም inabaki inasubiri. Kwenye kioo lipo neno zima, ሰላም, salamu yenyewe, ndugu wa damu wa neno letu. Lakini katika maandishi niliyokabidhiwa kuna silabi mbili tu. Ya tatu iko bado mkononi mwa maktaba.

Nikabonyeza Enter. Enter si herufi ya Kiamhari, wala haina la kufanya ndani ya sera. Lakini kuja kwake kumeilazimisha ም iamue: hakuna kinachoweza kuungana nayo tena, basi imekamilika. Kwa hiyo katika tukio hili moja mambo mawili ya kweli yametokea kwa pamoja. Kuna maandishi yametolewa, ም. Na kuna kitufe hakikushughulikiwa, Enter. Filter inarudisha 0. Lookup inaiunga ም mwishoni mwa maandishi yangu, na inarudisha -1.

Programu yangu ya majina ilikuwa ikiiona -1 na kudhani mkono uko mtupu. Ilikiweka kitufe chenyewe kwenye ukurasa na kuyatupa yale maandishi. Kwa K na m na a haikuleta madhara, kwa sababu herufi hizo hazikuwamo kwenye utaratibu wangu. -1 yake kweli ilikuja mikono mitupu. Lakini u ilikuwa ikisubiri kuona kama ~ inafuata. Enter ilipokuja badala yake, u ilikabidhiwa pamoja na -1, nami nikaitupa. Kamau akabaki Kama. I ya Wanjikũ iliangukia shimo hilohilo ilipofuatwa na k. Ũ ilinusurika kwa sababu ~ ilikuwa imeshughulikiwa, na jibu lake lilikuwa 0.

Nimeitazama ile sentensi mara nyingi tangu hapo. Mwandishi wa maelezo ana njia rahisi ya kulieleza jibu la fanksheni: 0 ni heri, -1 ni shari. Maelezo mengi duniani yameandikwa hivyo na watu wanaishi nayo. Lakini mtu huyu alikuwa ameiona ም ikiwa mkononi wakati Enter inapita. Au aliiona kwa Kitai, au kwa Kikorea, au kwa Kijapani chake mwenyewe. Kwa vyovyote aliiona, na alitambua kwamba jibu la -1 halihusu maandishi, linahusu kitufe. Akarudi kwenye sentensi iliyokuwa imeshakaa vizuri, akaichomekea kipande kinachoiharibia ulaini wake ili iwe kweli. Hakuongeza onyo kwa herufi nzito, wala aya ya kueleza sababu. Aliweka maneno machache mahali penye uzito, kama fundi anayeweka hesi moja pale mlango unapovuta.

Mahali pengine alifanya zaidi ya hapo. Minput_reset_ic inaurudisha muktadha katika hali yake ya mwanzo, na maelezo yanasema wazi kwamba maandishi yanayosubiri yatafutwa bila kukabidhiwa. Hilo pekee lingetosha kwa uaminifu. Lakini yanaendelea kumwelekeza anayetaka kuyaokoa: kabla ya kuiita fanksheni hii, iite filter ukiipa Mnil badala ya kitufe, nayo itailazimisha njia ya uingizaji ikabidhi ilichonacho. Kitufe kitupu, cha kusema tu: toa ulichoshika. Kupata jambo kama hilo bila kuelekezwa ungehitaji kusoma mamia ya mistari ya msimbo na kubahatisha. Hapa limewekwa mahali pekee ambapo mtu atakuwa analihitaji, dakika moja kabla ya herufi zake kufutika.

Na haya yote yameandikwa mara mbili. Juu ya kila fanksheni kuna pande mbili za maelezo: mmoja unafunguliwa kwa alama ya en, wa pili kwa ja. Kiingereza, kisha Kijapani, kisha msimbo. Sijui Kijapani zaidi ya kuzitambua alama zake chache, lakini hata kwa macho tu unaona kwamba upande wa pili haukukatwa wala kufupishwa. Unaanza na kansū, neno lao la fanksheni, linafuata jina lilelile la Kilatini, kisha kiunganishi wa, na kitenzi kinasubiri hadi mwisho wa sentensi kama desturi ya lugha hiyo. Maana yake ni kwamba kila "hata kama" ilibidi itafutiwe mahali pake upya, katika lugha ambayo mpangilio wake uko kinyume. Na kila fanksheni inapobadilika, mtu anapaswa kubadilisha mahali patatu: msimbo, Kiingereza, Kijapani. Wangeweza kuchagua lugha moja. Ila maktaba inayodai kuhudumia lugha nyingi ingekuwa na neno gani la kuwaambia majirani zake wa Tsukuba?

Maelezo hayakuishia kwa watunga programu. Kila njia ya uingizaji inaelezwa katika faili lake dogo lenye mwisho wa .mim, na ndani yake kuna nafasi ya maelezo kwa ajili ya mchapaji wa kawaida. Fanksheni minput_get_description kazi yake ni kuyachukua hayo na kuipa programu iyaonyeshe. Nami nilikuwa na faili kama hilo la Kigĩkũyũ, nililolitengeneza na kuliweka katika saraka ya .m17n.d ndani ya kompyuta yangu, mahali maktaba inapotafuta njia za mtu binafsi. Lilikuwa na mistari miwili ya kazi, u~ kuwa ũ na i~ kuwa ĩ, na miwili mingine kwa herufi kubwa. Nafasi ya maelezo niliiacha tupu.

Nilirudi kuijaza. Mara ya kwanza niliandika kwamba ni njia ya kuchapia Kigĩkũyũ. Nikaona ni kweli isiyomsaidia mtu. Mara ya pili niliandika kwamba alama inachapwa baada ya vokali, si kabla. Mwenzangu, ambaye hajawahi kutunga programu, alisoma akauliza: na nikitaka u na ~ zibaki zilivyo? Sikuwa na jibu, kwa sababu utaratibu wenyewe haukuwa nalo. Barabara isiyo na mwisho. Ikabidi niache maelezo, nirudi kwenye utaratibu, niongeze kwamba u~~ inatoa u~, na i~~ inatoa i~. Kuongeza hivyo kukazaa jambo jingine: sasa ũ nayo inabaki na mstari chini yake hadi kitufe kinachofuata, maana maktaba haina hakika kama ~ ya pili haiko njiani. Yaani kwa programu yangu ya zamani hata ile ũ ingepotea. Nikaliandika na hilo, kwamba mstari ulio chini ya herufi unaonyesha herufi bado inasubiri, na kwamba itakabidhiwa kwa kitufe chochote kitakachofuata.

Maelezo yalifika sentensi nne. Yalinichukua jioni mbili, na kila nilipodhani nimemaliza nilikuta neno linaloahidi zaidi ya linachoweza kutimiza. Jioni ya pili nilimwomba mwenzangu aketi kwenye kibodi bila mimi kusema kitu, ayasome, achape majina ya shangazi na wajomba zake kutoka kwenye orodha iliyoandikwa kwa mkono. Alichapa taratibu, kidole kimoja. Wanjikũ. Wanjirũ. Alipofika kwa Kamau alisimama kwenye u, akautazama mstari uliokuwa chini yake, akarudi kwenye maelezo akasoma tena sentensi ya mwisho, kisha akabonyeza Enter.